Shaba Kwenye Maji ya Chumvi

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa pili

Mdogo wangu Kimya,

…na nilipokatiza ile barua ya juzi nilikuwa nimefika pale shemeji yako alipoingia sebuleni na futi mkononi, akaanza kupima ukuta. Mteja akabisha hodi anataka suruali zake, nikabandika bahasha hivyo hivyo, maana gari la kuleta vitu huko kwenye kituo chenu cha utafiti wa bahari halinisubiri mimi, na simu yako ndiyo hiyo haishiki mpaka upande mnarani kama nyani. Sasa nimekaa. Pasi nimezima. Naendelea.

Basi anapima. Namuuliza, "Fundi, vipi, unataka kuuza ukuta?" Anaandika kwa penseli juu ya rangi yangu! Mita moja na robo. Nikasema moyoni, haya, andika baba, andika hata nyumba nzima. Maana unajua alivyokuwa tangu aanguke kutoka kwenye ngazi kule kazini. Miezi saba kwenye kiti kimoja. Mkono wa kulia umelala, kampuni imempa cheti cha asante na saa ya ukutani, na yeye anaikodolea macho ile saa kama inamdai. Nikiongea anajibu "mm." Mimi, ambaye mtaa mzima unaniita Redio, nikakosa msikilizaji ndani ya nyumba yangu!

Kumbe chanzo ni kliniki. Pale wanaposubiri wagonjwa wameweka tangi la samaki wa baharini, lina mawe na matumbawe yaliyo hai kabisa, yanafunguka na kufumba kama vidole vya mtoto. Nesi kamwita mara tatu, yeye kaganda. Nikamvuta shati. Akasema, "Mke wangu, lile tangi linavuja kwenye kiungo cha nyuma. Mimi ningelifunga vizuri zaidi." Mwenzangu! Sentensi mbili kwa mpigo! Nilitaka kupiga vigelegele pale pale, nikaona wagonjwa watashtuka.

Sasa anataka la kwake, sebuleni, pale lilipokuwa kabati la vyombo. Anataka kufunga kila kitu mwenyewe. Jana alipiga mluzi. Mluzi, Kimya! Mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza kama tuna mgeni.

Wewe ndiye uliyesomea hao wadudu wa baharini. Hebu tuandikie, vinunuliwe vitu gani kwanza? Ila tafadhali usimkatishe tamaa. Akirudi kwenye kile kiti safari hii sidhani kama nitamtoa.

Dada yako,
Redio

*

Jumatano, tarehe 12, mwezi wa pili

Dada,

Barua yako ina kurasa tisa na swali liko kwenye ya nane. Najibu swali.

Asinunue tangi dogo. Watu hudhani dogo ni rahisi. Ni kinyume. Maji machache huchafuka haraka, kama chungu kidogo kinavyoungua upesi. Lita mia tatu ni nzuri kwa mtu anayeanza. Likijaa litazidi uzito wa watu wanne wanene, kwa hiyo nashukuru mnakaa chini na si kwa jirani wa juu. Meza yake iwe ya chuma, na iwe sawa kabisa. Maji hayasamehe upande.

Chini ya meza aweke tangi la pili, dogo. Maji yanashuka humo, yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Humo ndimo inakaa mashine ya povu, inayotoa uchafu kabla haujaoza, na kipasha maji. Hivyo vitu vibaya vya kutazama vyote vinafichwa huko, juu panabaki pazuri. Ndani ya tangi kubwa aweke feni mbili za maji, za kusukuma maji huku na huku. Tumbawe halina miguu, chakula lazima kiletwe na mkondo. Taa iwe ya matumbawe, siyo ya kusomea.

Chumvi siyo ya jikoni. Inauzwa kwa ndoo, ya tangi la bahari. Ichanganywe na maji yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu, siyo ya bombani. Mnunue na kipima chumvi. Mawe mchukue ya yule muuza samaki wa mapambo, yaliyokaa kwenye maji yake. Asije mtu akaenda kung'oa baharini.

Halafu mkimaliza yote, hakuna samaki. Wiki sita maji na mawe tu, mpaka yakomae. Mwambie mapema, na uwaambie na hao wote uliokwisha kuwaalika.

Pasi yako isikae kwenye waya mmoja na pampu.

Msalimie shemeji. Mwambie habari ya mluzi imenifurahisha.

Mdogo wako,
Kimya

*

Jumatatu, tarehe 24, mwezi wa pili

Kimya wangu,

Umejuaje kama nimealika watu? Niliwaambia wachache tu. Jirani wa juu, yule wa genge, yule anayeuza mitumba na mama yake, na kwaya. Sasa kila siku mtu anachungulia dirishani, "Redio, samaki wako wapi?" Nawajibu maji yanakomaa. "Maji yanakomaa kama ndizi?" Nawaambia nyie hamjasoma, nendeni.

Na pasi ilishachoma fyuzi kabla barua yako haijafika. Giza nyumba nzima. Fundi alicheka! Akanivutia waya wa kwangu peke yangu.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kioo kimekuja, wanaume wanne wamekibeba, na mmoja wao alikuwa na kigugumizi cha miguu mpaka nikafumba macho. Meza ya chuma tayari, imepimwa kwa pima maji hadi nimechoka. Pampu tayari, mashine ya povu tayari, taa ikiwashwa sebule inakuwa ya buluu, kila mtu anaonekana amekufa ila yuko mchangamfu. Na chumvi ndoo mbili.

Lakini mabomba, Kimya. Mabomba! Kama ungeyaona ungelia. Ameyafunga yote kwa shaba. Kutoka tangi la juu mpaka la chini na kurudi, elbo kumi na moja, zile kona za bomba, nimezihesabu. Anasema plastiki ni ya watu wenye haraka, yeye nyumba za matajiri alizifunga shaba miaka thelathini, sembuse yake. Tochi ya gesi mkono wa kushoto, na ule wa kulia, ule uliokuwa hauwezi kushika kijiko, ndio umeshika waya wa kulehemu! Siku tatu. Jasho linamdondoka puani. Mimi nimesimama mlangoni nimeziba mdomo kwa khanga nisije nikaropoka akashtuka akaungua. Akaisugua kwa limau na majivu mpaka inang'aa kama bangili za bi harusi. Mwenzake wa zamani wa kazini alikuja, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, akasema, "Mzee, wewe hujastaafu, wewe umestaafishwa." Fundi akageuza uso ukutani akajifanya anatafuta penseli.

Jioni akaniambia, "Hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote."

Mawe tumeshaagiza. Yakifika tu tunatia maji ya chumvi. Furahi na sisi.

Dada yako,
Redio

*

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Dada,

Keti kwanza.

Shaba haitakiwi. Haitakiwi hata kidogo. Maji ya chumvi yanaila polepole, inaingia kwenye maji, huioni wala huionji. Samaki anaweza kuvumilia. Lakini kila kisicho na mfupa kinakufa: matumbawe, konokono, kamba, kaa, vijidudu vya kwenye mawe. Mawe yenyewe yanainyonya, na yakishainyonya hayafai tena.

Kosa ni langu. Nimeandika habari ya pasi nikasahau mabomba, maana huku kwetu hakuna anayetumia kitu zaidi ya plastiki, hata wazo halikunijia. Mwambie ni kosa langu.

Lakini mwambie. Leo. Kabla ya chumvi na kabla ya mawe. Kama ni maji ya kawaida tu ya kujaribia yamepita, hakuna kilichoharibika, aoshe tu.

Najua ninachokuomba.

Kimya

*

Jumatatu, tarehe 10, mwezi wa tatu

Kimya,

Sijamwambia.

Usinigombeze, nisikilize. Barua yako nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno, mara mbili, maana mara ya kwanza nilijiambia sijui kusoma. Nikainuka nikaenda sebuleni. Nikakuta amepiga magoti anaipangusa ile elbo ya mwisho kwa soksi yake safi, anaiongelesha! "Wewe ndiye ulinisumbua," anaiambia. Sasa wewe ungesema nini? Nikasema, "Chai iko tayari." Na chai haikuwa tayari.

Nikarudi kwenye pasi nikaunguza kola ya meneja wa benki.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ndoo za chumvi nimezipandisha kwa jirani wa juu, ziko chini ya kitanda chake. Fundi nimemwambia mwenye duka alizidai, kulikuwa na kasoro, ataleta nyingine. Hajauliza mengi, kasema tu "sawa." Mawe yamefika, muuza samaki nimemwomba akae nayo kwanza kwenye maji yake, nikamwambia sebule tunaipaka rangi. Barua yako nimeificha mahali ambapo hata malaika hawezi kutafuta. Na mdomo nimeufunga. Siku nne nzima! Jirani wa juu aliniuliza kama naumwa meno. Nimejikaza kisabuni.

Hebu niambie, hakuna dawa? Akiyapaka rangi kwa ndani je? Au hayo matumbawe hayawezi kuzoea taratibu, kama mtu anavyozoea pilipili? Jibu upesi. Chumvi haiwezi kuwa na kasoro mpaka mwisho wa mwaka.

Dada yako, sina hata hamu ya kuweka jina

*

Alhamisi, tarehe 13, mwezi wa tatu

Shemeji,

Salaam. Uniwie radhi kwa mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia bado unajifunza.

Barua yako ya shaba nimeisoma. Dada yako aliificha kwenye mfuko wa shati langu la kazi, lile la buluu lenye jina la kampuni, akidhani sitalivaa tena. Yeye akienda kupeleka nguo za watu, mimi nalivaa. Haliongezi nguvu, ila nikilivaa mkono unatulia.

Sitakudanganya. Niliposoma nilikaa kwenye kile kiti. Nilikaa mpaka alasiri. Halafu nikajiuliza, hii ingekuwa kazi ya mteja, nimefunga bomba lisilofaa, ningefanya nini? Ningefungua, nikaanza upya, na mteja nisimtoze. Basi. Kesho yake nikanunua mabomba ya plastiki na gundi yake. Yako nyuma ya kabati. Kwa hiyo usihangaike, hakuna kitakachokufa, na wala sikulaumu. Fundi ndiye anayetakiwa kuuliza maji gani yatapita.

Kilichoniuma ni kingine, na hiki nakuomba kikae kwako.

Kabla sijaanguka, mke wangu alikuwa akiniambia kila kitu, tena tangu mlangoni, kabla ya kuvua viatu. "Fundi, hiyo suruali unafanana na gunia." "Fundi, umenunua samaki ameoza, huna pua?" Tulikuwa tunagombana vizuri sana. Tangu nianguke, anaongea na mimi kwa sauti ya wodini. Anaonja chai yangu kama ni ya moto. Mtaa mzima unapata habari zake isipokuwa mimi. Shemeji, mimi niliangukia mkono, sikuangukia kichwa. Ananibeba kama yai, na yai likibebwa sana nalo linachoka.

Kwa hiyo nangoja. Ndoo za chumvi najua ziko wapi, jirani wa juu kaniambia siku ile ile. Nataka mke wangu anipe hii habari mwenyewe, kwa kelele. Akinipa, nitajua nimerudi nyumbani. Usimwambie kama najua.

Mimi,
Fundi

*

Jumatano, tarehe 19, mwezi wa tatu

Dada,

Rangi itabanduka. Matumbawe hayazoei. Hakuna dawa.

Mwambie kama ulivyokuwa unamwambia mambo zamani. Usitafute maneno laini, huna hayo maneno, hujawahi kuwa nayo, na shemeji hakukuoa kwa ajili ya hayo. Nilikuwa kwenye harusi yako, ulimwambia mbele ya watu kwamba tai yake imepinda.

Mimi kimya kinanifaa. Wewe hakikufai.

Mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 14, mwezi wa nne

Wewe Kimya, mnafiki wa kimyakimya wewe!

Ulijua! Barua yake iko kwenye mtoto wa meza yako tangu mwezi wa tatu, na wewe unaniandikia habari za tai! Ngoja uje likizo. Nitakupa chumba chenye kunguni.

Sasa nisimulie. Ile barua yako ilifika Ijumaa ya wiki ile ile. Jumatatu yake niko napiga pasi mashuka ya hoteli, nasikia kitu kinashuka ngazi, du, du, du. Nachungulia. Fundi huyo, ana ndoo ya chumvi kwa mkono wa kushoto, jirani wa juu nyuma yake na ya pili, ananikwepa macho kama mbuzi aliyekula nguo. Wakaingia sebuleni. Kumbe mawe nayo ameshayafuata, yako kwenye beseni pale mlangoni, yamefunikwa gunia bichi. Anamimina chumvi kwenye pipa. Anakoroga. Anapima. Taratibu kabisa, kama mtu mwenye siku nzima. Mimi nimesimama na pasi mkononi. Akachota jagi, akainua juu ya tangi, akanitazama. Akalishikilia pale pale.

Kimya, sijui kilitoka wapi. Nilisikia sauti yangu ikipasuka, "Wewe mzee, teremsha hilo jagi! Hayo mabomba yako ni sumu! Yataua kila kitu humo! Miaka thelathini ya ufundi unashindwa kuuliza kama shaba inafaa kwenye chumvi? Ng'oa! Ng'oa yote na elbo zako kumi na moja!"

Mtaa mzima ulisikia. Yule wa genge alikuja na kisu.

Halafu nikaziba mdomo. Nikasema, nimemuua mume wangu.

Akateremsha jagi. Mabega yanatetemeka. Nikajua analia, nikaanza na mimi. Kumbe mtu anacheka! Anacheka mpaka anatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo, machozi yanamtoka. "Wiki mbili," anasema. "Wiki mbili na siku nane! Nilidhani utapasuka wewe kabla ya tangi!" Hesabu ya wapi hiyo hata sijui. Akaniambia yote, shati, barua, na plastiki nyuma ya kabati langu ninalofagia kila siku! Nikamtupia shuka la hoteli. Likabidi lifuliwe tena.

Ila nikuambie na hili, maana lilikuwapo. Tukafungua mabomba. Mimi nashika, yeye anakata. Lile refu la katikati alilishika muda, akapitisha kidole. Nikataka kusema neno laini, nikajizuia. Nikasema, "Kazi nzuri, fundi mjinga." Akasema, "Asante, mke mwongo." Tukaendelea. Shaba yenyewe ameigeuza reli ya kutundikia nguo chumba cha pasi, wateja wanaacha nguo na kuja kupiga picha, na yeye kila akipita anarefuka sentimita kwa fahari.

Plastiki ni mbaya, nyeupe, imekaa kama mifupa. Lakini haijavuja hata tone. Maji yana wiki tatu. Mawe yameota kitu cha kahawia kama kutu, nikapiga kelele, yeye akasema shemeji aliandika maji yatakomaa, tulia. Halafu tukagombana kuhusu feni ya kushoto, mimi nasema inapuliza mchanga, yeye anasema mimi ndiye ninayepuliza. Tumegombana tangu asubuhi mpaka mchana, Kimya. Ilikuwa raha ajabu. Na nilimwambia suruali yake iliyoganda gundi ya mabomba inamfanya afanane na…

Ngoja, ananiita. "Redio! Wee Redio! Acha umbea wa barua, kuna kitu kinatembea juu ya jiwe!" Namjibu ni taa hiyo inakuchezea macho mzee, hatujatia kitu humo. "Taa ina miguu? Kina miguu, nakuambia, kimetoka tunduni, kinapunga mikono!" Miguu mingapi, namuuliza. "Njoo uhesabu mwenyewe, mwanamke, kabla hakijarudi nd…